Pikipiki la Babu Lilipoacha Kuvuja

Oili ikidondokea ekzosi ya moto hutoa harufu ambayo wenzangu wa kidato cha tano huiita harufu ya bodaboda anayekaribia kufilisika. Mimi huiita Jumamosi. Pale Ipagala, karibu na shule yetu, vijana wa bodaboda huegesha chini ya kibanda cha bati, na mmoja wao ana chombo kinachovuja kama pua ya mtoto wa chekechea kwenye baridi ya mwezi wa sita. Kila nikipita pale, ile harufu hunikamata ukosi na kunirudisha Nzuguni, uani kwetu, nikiwa na miaka kumi, magoti yamejaa vumbi, nikimpa baba spana ya kumi na nne wakati ameomba kumi na mbili.

Nawasimulia ninyi kwa sababu hamnijui. Nyumbani haya hayasimuliki, na mkifika mwisho mtaona kwa nini. Jina langu ni Sechelela, wengi huniita Seche, na darasani mimi ndiye wa kutolewa nje kwa kuchekesha wenzangu. Sasa shikeni hapo.

Baba yangu ni mtu wa masjala. Kazi yake serikalini ni kutunza mafaili, na mikono yake ni ya mafaili kweli: laini, safi, yenye subira. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekodi kipikapu, akaenda Mlali, kijijini kwao, akarudi na pikipiki lililomzidi umri. Lilikuwa la babu. Tangi lilikuwa la kijani iliyopauka, kiti kimechanika, na ndani ya silensa kuku alikuwa ameacha manyoya, sijui alikuwa anatafuta nini. Mama alilizunguka mara moja, akasema, "Hili si la kutengeneza, hili ni la kuzika." Akarudi kwenye mboga yake.

Babu alikuwa bwana mifugo. Miaka mingi alizunguka vijiji vya Kongwa na pikipiki hilo, begi la chanjo begani. Watu hawakuhitaji tangazo. Wakisikia mlio wake ng'ambo ya korongo, walikuwa wanatoa ng'ombe zizini. Alistaafu, pikipiki likabaki bandani, kisha kisukari kikamchukua macho, moja baada ya jingine. Tulipokwenda kumsalimia, pikipiki likiwa tayari uani kwetu, alikuwa ameketi mlangoni, ameelekeza sikio barabarani.

Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Ni utani, msinitazame hivyo. Nilipomwamkia alisema, "Mke wangu umefika? Mwambie huyo mwanangu macho yamekwisha, lakini masikio bado mazima. Aniletee lile pikipiki nilisikie linakuja. Anipakie mpaka kwenye josho langu, nirudi, basi. Baada ya hapo nife kistaarabu."

"Ukifa nani atanihonga pipi?" nikamuuliza.

"Utaolewa na kijana mwenye meno."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alimshika babu mkono, akasema, "Nitakuja nalo, baba. Kabla ya mvua."

Ndiyo Jumamosi zikaanza. Fundi wetu alikuwa Ndahani, jirani aliyetengeneza kila kitu kuanzia baiskeli hadi pampu za maji, na aliyekuwa na cheko la kikohozi. Alimfundisha baba kukata gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili kwenye maungio ya injini, kwa boksi gumu: unaliweka juu ya kifuniko cha injini, unaligongagonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka lijikate lenyewe kwa umbo. Baba alizikata vizuri mno, kama anatengeneza jalada la faili la waziri. Wiki ya sita pikipiki likawaka. Lilitetemeka lote, likakohoa moshi wa bluu, likatoa ule mlio, pu, pu, pu, pu, mzito na wa polepole. Baba alisimama akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Nadhani alikuwa mtoto wa Mlali kwa dakika ile, anatazama korongo.

Kisha likavuja.

Lilivuja kwenye kichwa, likavuja kwenye kifuniko cha klachi, likavuja mahali ambapo Ndahani mwenyewe aliapa hapana oili. Kila jioni baba alitandika boksi la tambi chini ya injini, na kila asubuhi tulikwenda kusoma boksi. Mama alipita na ndoo akisema, "Leo limechora Afrika nzima, hadi Madagaska." Baba alifungua, akapaka, akakaza. Uvujaji ukapungua, tone kwa tone. Siku moja tangi nalo lilianza kutoa petroli kwenye kipele cha kutu. Ndahani akaomba kipande cha sabuni ya mche, akakisugua kwenye tundu mpaka kikajaa, petroli ikakoma. "Petroli na sabuni hawajuani," akaniambia. Nilimwona mchawi.

Wakati huo babu alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Sauti yake ilikuwa inapungua. Mwanzoni aliuliza, "Linakuja lini?" Baadaye aliuliza tu, "Linakuja?"

Ikabaki sehemu moja. Nyuma ya injini palikuwa na mpira mwembamba wenye tundu kama bomba, unene wa kidole changu, unaoning'inia bila kufika popote. Kila baba akilizungusha mtaani na kurudi, ncha ya mpira ule ilikuwa inatoa povu la oili, tone, tone, juu ya boksi. Ndahani alikuwa amesafiri kwao kulima. Baba akauinamia mpira ule kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi. Nilimsikia akisema peke yake, "Hata hapa? Hata hapa tena?" Halafu akaketi kwenye ndoo na kuweka uso mikononi, na mikono yake haikuwa ya mafaili tena. Ilikuwa imepasuka, nyeusi hadi ndani ya kucha.

Mtoto wa miaka kumi akimwona baba yake hivyo, anafanya nini? Anakuwa fundi. Baba alipoingia kuoga, nilichukua sabuni ya mche, nikaisokomeza kwenye ule mpira mpaka isiingie tena. Nikaongeza kijiti. Halafu, kwa kuwa mimi si mtu wa kazi nusunusu, nikachomoa kamba kwenye kiatu changu cha shule, nikaufunga mpira mizunguko kadhaa, nikapiga mafundo matatu. Nikausukuma ule mpira nyuma ya betri usionekane. Nilitaka aone muujiza, si kamba ya kiatu.

Na aliuona. Alilizungusha mtaani, akalirudisha, akatandika boksi. Likabaki safi. Akalala kifudifudi kuchungulia. Safi. Alinibeba, mtu mzima kama mimi, akanizungusha uani huku mama akipiga vigelegele vya dhihaka. Siku ile ile alimpigia babu. "Baba, shikamoo. Jumamosi tunakuja nalo." Tukasikia babu akiita watu wa nyumba yake kwa majina, mmoja mmoja.

Babu alikuwa na msemo wake wa kazini: ng'ombe anayelia bado ana nguvu, mwogope aliyenyamaza. Nilikuwa nimeusikia mara mia. Niliudhani wa ng'ombe.

Jumamosi tuliondoka asubuhi, mimi nyuma, kofia ya mama wa jirani ikinicheza kichwani kama sufuria juu ya yai. Tulishika barabara kubwa. Upepo ulikuwa mkali, mashamba makavu, na watu wa pembeni walitupungia kwa ule mlio. Tulipita Buigiri tukiimba pambio. Mbele kidogo nikahisi mguu wangu wa kulia umelowa, wa moto. Nikadhani baba amejikojolea kwa furaha. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia, nikaanza kupanga jinsi nitakavyomsimulia babu.

Halafu mlio ukabadilika. Ukawa kama sufuria inayoburutwa sakafuni, tairi la nyuma likakwama, tukaserereka mpaka kwenye mchanga. Hatukuanguka. Ingekuwa afadhali kuanguka. Suruali ya baba ilikuwa nyeusi kutoka gotini, tairi linang'aa oili, na injini iliyotengenezwa kwa miezi ilikuwa imetema kila kitu kupitia kila mshono. Alipiga kiki. Kiki haikushuka. Akapiga tena kwa uzito wake wote, kiatu kikachomoka. Dereva wa lori alipunguza mwendo, akachungulia. "Imenoki hiyo, mzee. Peleka makumbusho."

Mikono ya baba ilikuwa imeungua kwa kushika injini, kwa hiyo simu niliishika mimi, sauti kubwa.

"Mko wapi?" Babu alikuwa anapiga kelele za furaha. "Hapa wamejaa! Mzee mmoja ameleta hadi mbuzi wake, anasema wachanjwe. Nimewaambia wanyamaze wasije wakanizibia sauti."

"Baba," baba akasema. "Limekufa."

"Limekufa au limezimika?"

"Limekufa, baba."

Upepo ukavuma kwenye simu, wa kwao au wa kwetu, sijui.

"Mpe mke wangu."

"Babu, nipo."

"Mwanangu analia?"

Nilimtazama. "Ndiyo."

"Mwambie aache. Mwambie watu wamekula wameshiba, hakuna kilichoharibika." Halafu akakata, na babu hakuwa mtu wa kukata simu bila kutaniana.

Tulilirudisha Nzuguni juu ya lori la mkaa. Wiki ile baba alilifungua peke yake, jioni mbili, hakutaka nimshikie spana. Siku ya tatu alilifunika turubai. Nami, baada ya kwenda shule wiki nzima na kiatu kimoja kimefungwa kwa utepe wa gunia, niliamka asubuhi moja nikakuta kiatu kina kamba tena. Nilidhani ni mama. Haikuwa nyeusi sana na ilinuka sabuni. Nilivaa nikakimbia kuwahi namba za usafi shuleni.

Babu alifariki wiki mbili baadaye. Mvua ilikuwa haijanyesha.

Kwetu babu akifa, wajukuu wana ruhusa ya vituko msibani. Huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, hudai malipo kabla jeneza halijatoka. Ni heshima, ndivyo kilio kinavyopata pa kupumulia. Shangazi akaniambia, "Haya, mke wa marehemu, tuchekeshe." Nilivaa koti lake la kaki, nikakalia kinu, nikaanza: pu, pu, pu, pu. Watu wakanyanyuka. Nikaiga baba akipiga kiki na kiatu kikichomoka. Nikaiga suruali iliyolowa. Waombolezaji walishika mbavu. Baba alikuwa ameketi na wanaume. Alitazama chini, kwenye viatu vyangu, akainuka taratibu akaenda nyuma ya nyumba.

Tangu hapo ikawa hadithi ya ukoo. Kipaimara, harusi, mwaka mpya: "Seche, tusimulie mtu wa masjala na injini." Kila mwaka niliongeza chumvi. Wajomba walimwita baba Fundi Makumbusho. Aliitika. Akiulizwa kilichotokea alikuwa anasema, "Sikujua kazi, jamani. Nilijitia ufundi."

Mwezi wa pili mwaka huu, pale kibandani Ipagala, nilimkuta fundi anamfokea kijana wa bodaboda. Ameshika mpira mwembamba, unene wa kidole. "Nani kakwambia uuzibe huu? Injini inapumulia hapa! Ukiziba, presha inakaa ndani, inasukuma sili zote zinazozuia oili, unamwaga oili njiani, unaua mashine. Hii si kuvuja, bwana. Hii ni pumzi."

Nilisimama na daftari langu. Nikaomba ruhusa ya ugonjwa, na sikudanganya.

Nyumbani nililifunua lile turubai. Mpira ulikuwa nyuma ya betri, wazi, mtupu, umefutwa hadi ndani. Sabuni hakuna. Kijiti hakuna. Mafundo matatu niliyopiga mimi hayafunguki yenyewe. Nilikaa juu ya ile ndoo yake, ndipo nikaikumbuka ile kamba iliyonuka sabuni, na jinsi alivyotazama viatu vyangu msibani nikiwa nimekalia kinu, ninamwiga.

Alijua. Alijua kabla babu hajafa, na angeweza kupiga simu moja Mlali akasema, baba, si mimi, ni mtoto. Alimwacha baba yake afe akiamini ana mwana asiyejua kazi. Aliifungua kamba yangu, akaifua, akaipitisha kwenye matundu ya kiatu changu, na kwa miaka saba akakaa kwenye kila sherehe nikimcheka kwa kosa langu, mbele yake, kwa sauti.

Nimetaka kumwambia. Kila nikifungua mdomo naona nitakachomnyang'anya. Kitu pekee alichofanikiwa kukiziba kisivuje ni siri hiyo, na mimi ndiye nitakayekitoboa. Na wa kumwomba msamaha wa kwanza hayupo. Yuko Mlali, chini, na masikio yake mazima.

Pasaka tulikuwa kwa shangazi. Baada ya pilau akasema, "Seche, hebu lile la baba yako." Nikasema nimesahau.

Baba akainua uso kutoka kwenye sahani. "Umesahau? Wewe?"

Alinitazama. Tabasamu lilikuwa bado liko mdomoni, lakini macho yalianza kunitafuta, polepole, kama mtu anayepekua faili. Nikaona anakaribia kufika, kugundua kwamba najua.

Nikaruka nikasimama. "Sikilizeni basi! Palikuwa na mtu wa masjala," nikaanza, na watu wakaanza kucheka, na baba akashusha mabega, akacheka kuwazidi wote.