Kichochoro Kisicho na Watu

Kazi yangu ni kukisia miguu ya watu. Naingiza njia za mji kwenye kompyuta, naipa hesabu ya wapitao, nayo inaniambia msongamano utakuwa wapi na njia ipi haina kazi. Wakubwa wangu huiamini kuliko macho yao, na jambo hilo limenizeesha.

Safari hii kulikuwa na kichochoro kinachotoka mtaa wa Section 58 kuelekea mjini. Mwenye ploti kinamopita alitaka kukiziba kwa ukuta, na ofisi ikasema kitabaki wazi iwapo tu hesabu itaonyesha kinatumika. Mwanzoni mwake aliketi mama muuza viazi vya Dundori. Wateja wake wote walikuwa wapita njia. Ukuta ukipanda, biashara imekwisha.

Siku tatu nilisimama pale na jaketi ya kung'aa na karatasi zangu, kama ofisi inavyotaka. Watu hawakuonekana! Hata yule mama alikunja gunia asubuhi ya kwanza akatoweka. Niliandika nilichoona, kompyuta ikachora uzi mwembamba, yaani njia isiyo na kazi, mkubwa wangu akatia sahihi kizibwe.

Wiki iliyofuata nilipita pale nikiwa na shati la kawaida. Kichochoro kilifurika wanafunzi, mafundi, akina mama na vikapu vyao. Ndipo nilipouona ujinga wangu. Machoni pa watu hawa, mwenye jaketi ile ni kanjo, askari wa kukamata wachuuzi, na kanjo akionekana, hata asiye na kosa huzunguka mtaa mzima kumkwepa. Nilikuwa nimewafukuza niliotumwa kuwahesabu.

Nilikimbia ofisini kuomba tuhesabu upya.

"Hiyo kitu ilishapitishwa," mkubwa akasema. "Kompyuta haidanganyi."

Nilitamani kumrushia hiyo kompyuta. Badala yake nikaenda kummalizia hasira mtu asiyestahili.

"Mathe, si mngekaa tu hizo siku tatu? Hii njia haingefungwa!"

Yule mama hakuacha kupanga viazi vyake.

"Ulikuja umevaa kama wale walibeba viazi yangu mwezi jana. Sasa ningengoja nishikwe ndio nihesabiwe?"

Nyuma yake lori lilikuwa limeanza kushusha mawe ya ukuta. Aliligeukia, akalitazama kidogo, kisha akaanza kurudisha viazi kwenye gunia.