Joistiki ya Mzee Idarous

Kibodi ya tatu ilipovunjika nilisimama katikati ya ofisi nikapiga kelele, mpaka mteja aliyekuwa akingoja fotokopi akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwingine. Kitufe cha mshale wa kulia kilikuwa kimezama ndani na hakikutaka kurudi. Babangu, Mzee Idarous, alikuwa ameketi mbele yake ametulia tuli, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Hii kitu yenu ni laini sana, Zubeida," akasema. "Nani alitengeneza?"

Huyo ndiye Baba. Miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la kubeba mananasi kutoka mashambani hadi kiwandani hapa Thika, na kwa miaka yote hiyo hakuna kitu kilichoharibika kwa makosa yake. Gia ikikatika, ilikuwa mbovu tangu dukani. Mimi nikianguka shule, mwalimu hakufunza. Alikuwa na mikono mikubwa ya kufungulia nati bila spana, na mtaa wetu wote wa Kamenu ulijua kwamba ukisalimiana naye unatikisa vidole vyako kwanza kuhakikisha viko sawa.

Januari ya mwaka huo wa 1998 akapatwa na kiharusi. Mdomo ulirudi baada ya wiki mbili, na ulirudi na nguvu zake zote. Mguu nao ukarudi. Mkono wa kulia ulibaki umelala. Sista Nakhumicha, aliyekuwa akimfanyisha mazoezi hospitalini, alituketisha chini akatueleza bila kuficha: "Hii miezi ya kwanza ndiyo ya maana. Vidole vifanye kazi kila siku. Vikikunjika vikazoea hivyo, hata mimi sitaweza kuvikunjua." Akampa mpira mdogo wa kubonyeza. Baba akautazama mpira huo, akamtazama Sista, na tulipofika nyumbani akamtupia mbwa wa jirani.

Nilimbembeleza. Nikamnunulia mpira mwingine, akasema yeye si mtoto wa nasari. Nikamwambia aviringishe unga wa chapati, akaniuliza kama nimemwona amevaa leso. Kumbe mkono ulikuwa unaniuma mimi kuliko yeye!

Kilichotuokoa ni upuuzi. Nilikuwa na ofisi ya kupiga chapa katikati ya mji, orofa ya kwanza, kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Musau, kijana aliyekuwa akinitengenezea kompyuta, aliacha mchezo wa mbio za magari kwenye mojawapo. Siku moja Baba alikuja kunitembelea, akaona gari linakimbia kwenye kioo, akavuta kiti. Mkono wa kulia ukapanda wenyewe juu ya mishale ya kibodi. Alicheza saa nzima. Nilijifungia chooni nikamshukuru Mungu kwa machozi.

Machozi ya shukrani yaliisha haraka. Kwanza, uchezaji wenyewe ulikuwa wa kukera. Magari mengine yanapita kama risasi, yeye anafunga breki kwenye kona. "Mimi nimebeba tani saba," anasema. "Hawa wote wanaenda hospitali." Alimaliza wa mwisho kila mara na kila mara akaridhika. Pili, aliikandamiza mishale hiyo kama anayekanyaga klachi ya lori kuukuu, na mimi nilihitaji kibodi kuchapa mitihani ya shule nne. Ndiyo maana ile ya tatu ilipokufa nikaamua kumtafutia kidude chake mwenyewe cha kuchezea.

Musau akaniambia vijana wanatumia padi, ile unayoshika kwa mikono miwili na kubonyeza kwa vidole gumba, waya wake unachomekwa nyuma ya kompyuta. Nikanunua moja hapo Thika, nyeusi, nyepesi, imekaa vizuri kiganjani. Nikaisifu kwa Baba kama mtu anayeoza binti. Siku ya nne kitufe kikazama na ganda likapasuka ubavuni.

"Plastiki ya ndoo," akasema Baba.

Ya pili niliichagua kwa akili. Nilikagua waya pale unapoingilia, uwe mnene usikatike. Nikageuza nyuma nikahakikisha imefungwa kwa skrubu, si kwa gundi. Nikabonyeza kila kitufe mara ishirini mpaka muuzaji akaniuliza kama ninanunua au ninafanya mazoezi. Nikampelekea Baba. Akaipima mkononi, akasema inateleza. Kesho yake nikamkuta ameizungushia blada, zile kamba za mpira zinazokatwa kwenye tyubu kuukuu, jinsi alivyokuwa akizungushia kila usukani aliopewa na kampuni. Ilikuwa imefungwa vizuri, kwa mkono wa kushoto na meno, tena vitufe viwili viko chini ya mpira havionekani.

"Baba, sasa utabonyeza nini?"

"Vingine vinatosha."

Havikutosha. Gari likaanza kwenda kushoto lenyewe. Baba akatangaza kwamba alaimenti ya magurudumu imekufa. Nikamwambia asiguse kitu, Musau atakuja jioni airekebishe kwenye kompyuta, ni kazi ya dakika tano. Nikashuka kununua karatasi. Niliporudi alikuwa ameshaifungua padi kwa kisu changu cha kukatia bahasha na ameipaka grisi ndani. Grisi! Alikuwa nayo mfukoni, kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, maana dereva wa aina yake hatoki nyumbani bila grisi.

"Kila kitu kinachozunguka kinataka kulainishwa," akanieleza, kwa upole, kama anayenifundisha kazi.

Hapo nilipasuka. Nilimwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nataka kujificha. Nilimwambia hataki kupona. Kwamba anafurahia kuhudumiwa, kukatiwa nyama na kufungiwa vifungo vya shati, na kwamba anavunja kila ninachomletea makusudi ili nisiwe na la kumwambia. Alijifuta grisi kwenye suruali, akachukua kofia yake akashuka ngazi polepole.

Hakurudi ofisini kwa wiki tatu. Nyumbani alikaa kwenye kiti chake, mkono umelala pajani, na kila siku niliona vidole vikizidi kuingia ndani kuelekea kiganjani. Sista Nakhumicha alijaribu kuvinyoosha, akanitazama juu ya kichwa cha Baba. Nje ya mlango akaniambia, "Zubeida, hii ni Juni. Mkiendelea hivi mkono unaenda." Nilikuwa na hasira naye, na Baba, na zaidi na mimi mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia Baba avae, tunaenda Ruiru, na achague mwenyewe ili nisisikie tena habari ya plastiki ya ndoo. Huko kulikuwa na duka la Gachanja, mtu mfupi mcheshi aliyeuza kompyuta za mitumba, vitu vimerundikana mpaka darini.

"Karibu mzee, karibu mama," akasema Gachanja. "Hapa ni origino tupu." Akatoa padi mpya kabisa, bado imo kwenye nailoni yake, ina mabawa ya kukaa kiganjani na mpira laini chini ya vidole. Nilipoishika nikaipenda papo hapo. Ilikuwa pana, nzito kiasi, waya mnene, skrubu sita. Nikamwekea Baba mkononi nikamfungulia vile vidole kimoja kimoja.

Akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Akatikisa kichwa.

"Hapana."

"Hapana kwa nini?"

"Hapana tu."

Akaanza kuzunguka duka kama mtu anayekagua tairi. Chini ya meza akaona joistiki kuukuu, kitako cha chuma, fimbo nene imesimama wima, rangi imebanduka, mtu fulani amekwangua jina lake ubavuni kwa msumari. Akaomba ipandishwe mezani. Akaizungushia vidole, akafumba macho, akafyatua kitufe kilichokuwa mbele ya fimbo. Ta! Kikalia kama swichi ya taa za zamani. Akafyatua tena. Ta! Ta!

"Hii," akasema.

"Baba, hiyo ni takataka! Ni nzee, ni chafu, na hiyo kelele utaipigia wapi? Ofisini kwangu, mbele ya wateja?"

"Hii, Zubeida."

"Wee mama, mwachie mzee," Gachanja akaingilia. "Hiyo ni chuma. Hiyo hata ukiangushia mguu, mguu ndio inavunjika."

Nikanunua, nimefura. Njia nzima kurudi Thika alikuwa ameikumbatia joistiki yake kifuani.

Kelele ilikuwa vile vile nilivyohofia. Ta, ta, ta, asubuhi hadi adhuhuri. Bi Syombua, mwalimu mkuu aliyekuja kusahihisha mitihani yake, alihamia kwenye ngazi na karatasi zake. Nilichapa makosa. Nilifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye masikio. Lakini joistiki haikuvunjika, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba Baba alichagua sawa na mimi nilikosea na sikujua kwa nini.

Siku moja ya Julai kulikuwa na baridi nikamletea chai kwenye kikombe cha bati. Akakishika kwa mkono wa kulia, mkono ambao sasa uliweza kushika, akakaa nacho huku akitazama kioo. Mimi nilikuwa nimekibeba kwa kitambaa kwa sababu kilikuwa hakishikiki. Nikamkimbilia nikamnyang'anya. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeshaanza kufanya malengelenge, naye akaniuliza kilichonipata.

Nikakaa chini.

"Baba, huhisi?"

Akafyatua kitufe mara moja, ta, halafu akaiacha fimbo.

"Tangu siku ile," akasema. "Najua mkono upo kwa sababu nauona. Nikibonyeza, sijui kama nimebonyeza ama bado. Hizo zingine zilikuwa kimya, naongeza nguvu, naongeza, mpaka inavunjika. Hii inaniambia."

"Mbona hukusema? Miezi saba, Baba! Mbona hukumwambia Sista?"

"Dereva akisema hahisi mkono, nani atampa gari tena?"

Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa sisi si watu wa kukumbatiana, nikampigia kelele. Kisha nikampaka dawa vidole, na tulipofika hospitalini nikamwambia Sista kila kitu mbele ya Baba. Sista alikasirika kuliko mimi. Akasema huo ni ugonjwa mwingine kando ya ule wa nguvu, unataka mazoezi yake: avipitishe vidole kwenye mchanga, kwenye pamba, kwenye burashi, kila siku, macho yamefumbwa. Hakuahidi kitu. Alisema hisia hurudi kwa wengine na kwa wengine hazirudi, na kwamba tumepoteza wakati mwingi.

Baba alipitisha vidole mchangani, safari hii bila ubishi. Na aliendelea na joistiki. Wateja wakazoea, mimi nikazoea, Agosti ikaingia na mitihani ya muhula ikanifunika mpaka shingoni.

Nilikuwa katikati ya karatasi ya hesabu ya darasa la saba aliponiita.

"Zubeida, hii kitu uliniuzia ni mbovu."

"Mimi sikukuuzia kitu, Baba. Ulichagua mwenyewe."

"Hapa kwa kitufe kuna ukali. Gachanja ametuibia."

"Baba, tafadhali. Leo sina nafasi ya malalamiko. Ulitaka chuma, nikanunua chuma, sasa chuma nayo ina ukali. Nikuletee nini, mto wa sufi?"

"Nakwambia ina ukali," akasema, ameudhika kabisa. "Inanikwaruza kidole."

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu. Mikono yangu ikasimama juu ya kibodi. Nikageuka. Baba alikuwa amekunja uso, akikisugua kidole cha shahada cha mkono wa kulia kwa kidole gumba, na alikuwa bado hajajua alichosema.

"Sema tena," nikamwambia.

"Si nimesema inanikwaruza? Una masikio kweli, wewe?"

"Sema tena, Baba."