Mama Spana na Boriti ya Seremala

Mama Spana alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini kitu asichokitikisa. Akikaribishwa kiti, kwanza anakisukuma kwa goti. Ngazi anaipiga teke kabla ya kuipanda. Hata siku ya kuposwa, inasemekana alimshika mchumba bega akalitingisha, ndipo akasema sawa. Mwenye kusema hayo ni wifi yake, kwa hiyo tuchukue nusu, nusu tumwachie mwenyewe.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka kumi na minane alifanya kazi kwenye gereji ya kampuni ya mabasi, mwanamke peke yake kati ya wanaume ishirini na ushei, na mwaka wa tatu aliona kwa macho yake jeki ikiteleza na basi likimlalia mwenzake mguuni. Yule bwana aliponea chupuchupu, lakini mguu haukurudi. Aliyeiweka jeki ile hakuwa fundi mbaya, alikuwa fundi mwenye haraka. Tangu hapo Mama Spana hakuingia chini ya gari bila kulisukuma huku na huku kwa nguvu zake zote, na hakumruhusu mwingine aingie. Vijana wa gereji walimcheka, kisha wakamwiga.

Kampuni ilipohamishia gereji yake mji mwingine, yeye hakuhama. Alitaka karakana yake mwenyewe, hapo hapo nyumbani, na siku moja wakila chakula cha mchana akamwambia mumewe. Mumewe ni seremala, mtu wa maneno machache na kiburi kingi cha kazi, na uani kwao palikuwa na banda moja tu, la mbao zake.

"Nataka nusu," mke akasema.

"Nusu ya nini?"

"Ya banda."

Seremala akatafuna, akameza, akanywa maji. "Na mbao zangu zilale wapi? Kitandani?"

"Zisimame. Zimelala vya kutosha."

Akacheka, na mwanamume akishacheka kwenye mazungumzo ya namna ile ameshaliwa. Lakini tusidanganyane. Mafundi wawili ndani ya banda moja ni mafahali wawili ndani ya zizi moja, na ugomvi wao ulianza kabla hata msumari wa kwanza haujapigwa.

Mama Spana alipanga karakana kwa chaki. Alilichora gari sakafuni kwa ukubwa wake halisi, milango ikiwa wazi, maana gari linalotengenezwa halifungi milango. Akajichora na yeye mwenyewe akipita pembeni amebeba gurudumu. Meza ya kazi akataka imfike kwenye kiwiko, asije akainama kutwa nzima kama anayetafuta sindano. Jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, akataka lifungwe juu ya mguu wa meza na si katikati, ili meza isirukeruke nyundo ikipigwa. Mtungi wa kuzimia moto ukakaa karibu na mlango. Seremala aliutaka kule ndani, usionekane na wateja.

"Moto ukiwaka utakimbilia ndani au nje?" mke akamuuliza.

Seremala akautundika mlangoni. Sakafu ya zamani ikavunjwa, ikamwagwa nyingine nene, na Mama Spana akainywesha maji asubuhi na jioni siku saba, kama mwenye bustani.

Kisha ikaja boriti. Injini haitolewi garini kwa mikono, inanyanyuliwa kwa mnyororo wa kapi, na mnyororo unahitaji pa kuning'inia. Seremala alikuwa na gogo la mti mgumu alilolikausha kwa miaka sita bila kusema analiwekea nini. Akalichonga, akalipiga randa, akalipiga na msasa pande zote nne, hata ule wa juu ambao hakuna jicho litakalouona. Akalilaza juu kutoka ukuta hadi ukuta, akashuka ngazi, akalitazama.

"Hii itatuzika," akasema, akimaanisha kwamba itaishi kuliko wao.

Mama Spana akaagiza pipa la lita mia mbili. Akalijaza maji, akalining'iniza kwenye boriti, akaliacha hapo siku tatu. Kila mteja aliyekuja kuulizia kabati au kitanda alilikuta pipa linaning'inia na kuuliza kulikoni, na Mama Spana akajibu bila hiana, "Naipima boriti ya mume wangu." Siku ya kwanza Seremala alitabasamu. Siku ya pili alinuna. Siku ya tatu alimwita mkewe pembeni.

"Kuna mlango wangu uliowahi kuanguka?"

"Hakuna."

"Kuna kitanda changu kilichowahi hata kulia?"

"Hakuna. Lakini hakuna kitanda chako kilichobeba injini."

Pipa likashushwa. Boriti haikupinda hata unene wa ukucha. Mama Spana akasema imefaulu, na alisema kwa sauti ya mwalimu anayempa mwanafunzi alama asizotaka kumpa. Hilo lilimkata mumewe maini kuliko pipa lenyewe.

Sasa sikilizeni ubishi wa binadamu. Jumanne iliyofuata Seremala alikwenda kufunga milango kwenye nyumba ya mteja. Mama Spana akabaki na kazi moja tu, kabati la swichi na soketi za umeme. Nyaya zilifika karibu na meza ya kazi, na karibu na meza palikuwa na ukuta mmoja, ule uliobeba ncha ya boriti. Akachukua tindo na nyundo akauchimba. Tofali zilikuwa na uwazi ndani, zikavunjika kirahisi, na akaondoa nyingi kuliko alivyokusudia. Akaona ufa mwembamba ukipanda juu kutoka kwenye kona ya shimo. Akaupaka plasta. Akaingiza kabati, likakaa kama limezaliwa pale, akapiga rangi.

Atamwambia mumewe, aliwaza. Jumatano ulimi ulikuwa mzito, maana maneno ya pipa yalikuwa bado mabichi. Alhamisi alisahau, au alijisahaulisha. Kuupima ukuta hakukumjia hata akilini. Kinyozi hajinyoi.

Jumamosi asubuhi wakaiingiza pikapu yao ya zamani, iliyokaa uani miaka minne bila kutoa hata kikohozi. Wifi alikuja kutazama. Akavuta kigoda mlangoni, akakaa na ulimi wake.

"Wifi, leo tunaona injini inaruka!"

"Leo unaona na kusukuma," Mama Spana akamjibu.

Pikapu ilikaa pua ikielekea upande wa meza, kwa hiyo mnyororo ukafungwa karibu na ncha ile ya boriti, si katikati ulipokuwa umening'inia mzigo wa pipa. Bolti zikatoka moja moja. Mama Spana akavuta mnyororo, kwekwekwe, na injini ikanyanyuka kidogo kidogo, ikitiririsha oili. Ilipovuka ukingo, Seremala na dada yake wakaisukuma pikapu nyuma mpaka nje ya mlango. Injini ikabaki peke yake juu ya sakafu tupu, Mama Spana akaishusha hadi kimo cha goti na ushei, ikawa inazunguka polepole.

Boriti ikalia. Mlio mmoja mrefu.

"Umesikia?" Mama Spana akauliza.

"Nimesikia. Mti ukipokea mzigo unasema. Ukishaukubali unanyamaza."

"Au unakwambia ukimbie."

"Basi!" Seremala akatupa kitambaa chini. "Siku tatu umeniaibisha na pipa. Leo mti umekohoa tu, unaniaibisha tena?"

Wifi akaona mchezo umenoga. "Kaka, kama huuogopi mti wako, si ulale hapo chini tukuone?"

Alisema kwa utani, na kwa utani huo alikuja kulia wiki nzima. Seremala alimtazama dada yake, akamtazama mkewe, kisha akapiga magoti, akajinyoosha chali sakafuni, injini ikiwa juu ya kifua chake.

"Toka hapo," Mama Spana akasema. "Huo si mchezo."

"Sikiliza. Imenyamaza au haijanyamaza?"

Kweli boriti ilikuwa imenyamaza. Seremala alisema kweli, na alisema kweli tangu mwanzo. Mama Spana akafungua kinywa amwambie hivyo, ndipo akasikia mchanga. Ulikuwa unadondoka juu ya meza ya kazi, mwembamba kama chumvi inayonyunyizwa, ukilia tii, tii juu ya spana. Akainua macho. Ulitoka juu ya kabati la umeme. Plasta aliyoipaka kwa mkono wake ilikuwa imefunguka, na ule ufa sasa ungeingia kidole.

Akashusha macho kwa mumewe.

"Toka," akasema.

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Boriti yangu ni nzima. Sema wifi yako asikie."

"Nzima. Toka."

"Ndiyo unavyosema? Kama unafukuza kuku?" Alikuwa anatabasamu, mikono ameiweka chini ya kichwa. Kwa pale alipolala, ukuta ulikuwa nyuma ya utosi wake, asiweze kuuona.

Mlango wa kabati ukafunguka wenyewe. Fremu ilikuwa imeanza kupinda.

Mama Spana alitaka kupiga kelele. Akajizuia kwa kuuma ulimi hasa, kwa meno, maana aliuona msiba wote mbele yake. Akipiga kelele, mume atashtuka na kuinuka, na akiinuka paji la uso litaigonga injini, na injini itauyumbisha ukuta. Kuishusha haiwezekani, yuko chini yake. Kuivuta pembeni ni kuutikisa ukuta. Lilibaki jambo moja la kumtoa mtu yule mkaidi pale polepole, nalo lilikuwa ukweli, na aliupanga ndani ya kichwa chake kwa haraka na hofu ambayo hajawahi kuijua chini ya basi lolote.

"Mume wangu," akasema taratibu, na hakuwa na desturi ya kumwita hivyo saa za kazi. "Usiinuke. Usigeuke. Boriti yako ni nzima. Kibovu ni ukuta, na nimeuharibu mimi. Jumanne niliukata chini ya boriti niweke kabati. Ulipasuka, nikaupaka plasta, sikukwambia. Sasa unaanguka. Jiburute kwa visigino kuelekea mlangoni. Usiguse kitu."

Tabasamu likamtoka. Hakuutafuta ukuta, alimtafuta mkewe usoni, na alichokiona pale kilimtosha. Akakunja magoti, akakaza visigino, akajivuta. Mabega yalikwaruza saruji. Tofali la kwanza likadondoka mezani, likapasuka, na vipande vikamrukia shingoni. Akajivuta tena. Injini ikawa juu ya uso wake, tone la oili likamwangukia kwenye jicho, naye hakuthubutu kulifuta. Akajivuta tena.

"Mshike miguu!" Mama Spana akamwambia wifi yake, kwa sauti ile ile ya chini. Wifi, aliyekuwa ameganda mlangoni na mkono kinywani, akainama akamshika kaka yake vifundo, akavuta kama anayevuta gunia. Kichwa kikatoka chini ya injini. Mama Spana akaruka nyuma yao.

Hawakuwa wamefika nje. Ukuta uliguna, ncha ya boriti ikashuka na tofali zake, na injini ikaipiga sakafu mahali pale pale kilipokuwa kifua cha mtu. Saruji ile aliyoinywesha maji siku saba ikapasuka mpaka mlangoni. Vumbi likawafuata uani.

Wifi alikaa chini akalia kwa kwikwi. Seremala alikaa akiwa ameegemea gurudumu la pikapu, jicho moja limefumba kwa oili, nywele nyeupe kwa vumbi, akitazama kupitia mlangoni. Boriti ilikuwa imelala mshazari juu ya kifusi, haina hata mkwaruzo.

"Pipa la maji," akasema mwishowe. "Siku tatu. Wateja wangu wote wakaona."

"Ndiyo."

"Ukuta umeukata mwenyewe. Hukuning'iniza hata ndoo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema nyaya zilikuwa fupi. Angeweza kusema alisahau. "Kwa sababu kilikuwa kitu changu," akajibu. "Chako nilikitilia shaka. Changu sikukitilia. Nusura nikuue, mume wangu. Ningekuzika kwa ajili ya kabati la swichi."

Seremala hakusema usijali, wala hakusema yameisha. Alijaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena. Mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi kuomba hata kushikiwa ngazi akanyoosha mkono juu.

"Nishike. Miguu imekataa."

Mama Spana akamshika kwa mikono miwili, akamwinua. Walisimama hivyo hadi vumbi likatulia.

"Kuna kitu kingine humo ndani," Seremala akamuuliza, "ulichokifanya bila kuniambia?"

Mama Spana akatazama kifusi. Angesema hakuna, nani angejua?

"Viwili," akasema, akatangulia kuelekea mlangoni ili amwonyeshe.