Fimbo ya Bwawa

Majuzi, kule Uru, nilimwona fundi akichovya rula ndefu kwenye tangi la maji la kijiji, kisha akaandika kina kwenye simu. Ghafla nikasikia harufu ya matope na majani makavu ya migomba.

Nilipokuwa mtoto niliishi na Babu, mama akiwa kazini Sanya Juu. Kiangazi kile, kila alasiri Babu alichovya fimbo kwenye bwawa la mfereji wetu wa kumwagilia, akachonga alama pale ilipoishia kulowa. Alama zilikuwa zikishuka. Mimi nilidhani anahesabu siku za mama kurudi.

"Babu, bado alama ngapi zifike chini?"

"Tatu tu," alijibu bila kunitazama.

Alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nikachomoa matope na majani ya migomba yaliyoziba tundu la kutolea maji ya bwawa. Maji yakatoka yakinguruma, maji ambayo majirani walingoja kumwagilia kwa zamu. Nikavaa gauni la kanisani, nikakaa kando ya njia.

Babu aliporudi aliliona bwawa tupu, akaja akanikuta pale.

"Unamngoja nani?"

"Mama. Alama zimekwisha."

Akailaza ile fimbo ya alama kwenye nyasi.

"Sogea," akasema, akakaa kando yangu.