Afu Acha

Fundi Saa alikwenda mjini kutolewa mtoto wa jicho, akamwachia mkamwana wake ufunguo wa nyumba. Ndani hamkuwa na kitu cha kuibwa. Saa za ukutani zilizobaki ni zile ambazo wenyewe walikufa kabla ya kuzifuata, na siku hizi nani anatengeneza saa? Ikisimama inatupwa, kama mzee. Kilichomtia wasiwasi ni bustani.

Bustani ilikuwa ya marehemu mkewe, nyuma ya nyumba, pale mchanga wa pwani unapoanza kuchanganyika na udongo. Aliipanda kwa fujo aliyoielewa peke yake. Mawaridi ya kununua aliyatia kwenye madebe ya rangi yasiliwe na chumvi. Chini yake akaacha mlakasa utambae upendavyo kutoka ufukweni, na maua yake ya zambarau. Kwenye uzio akapandisha afu, aliloling'oa vichakani mwaka walipooana.

Afu ni asmini ya porini: jeupe, dogo, mchana halina maringo. Jua la kiangazi likipoa ndipo linapozungumza. Kitabuni mmea huitwa mwafu, na afu ni ua lake tu. Fundi aliliona hilo katika kamusi chakavu, akakimbilia kumsahihisha mkewe.

"Wewe shika saa zako," mkewe alimjibu. "Mimi na afu langu tunaelewana."

Tangu hapo na yeye akasema afu. Wageni walipocheka kuona waridi na gugu wakilala kitanda kimoja, mama huyo aliwaambia, "Waridi ni mgeni. Lazima apate mwenyeji wa kupiga naye soga."

Mkewe alipofariki, fundi akawa anaweka kiti chake karibu na uzio kila jioni. Hakuwa akilia, alikuwa akinusa tu. Macho yalikuwa yamefifia, watoto wana shughuli zao, na harufu ile ndiyo pekee iliyokuja kumtazama bila kuitwa.

Simu ya mkamwana ilimkuta wodini, muuguzi kamsimamia na dawa ya matone.

"Baba, huku nyasi zimefika mlangoni. Nifanyeje?"

"Ng'oa magugu," alisema fundi. "Afu acha."

"Sawa, baba."

Alirudi na macho mapya, na heri angebaki na yale ya zamani. Bustani ilikuwa imefagiliwa kama uwanja wa shule. Madebe ya waridi yamepangwa mstari, kama watu waliopiga foleni mbele ya dirisha lililofungwa. Mlakasa haupo. Uzio uko uchi.

"Afu liko wapi?" aliuliza.

Mkamwana alingoja kidogo. "Afu nini, baba?"

"Afu."

"Nakusikiliza. Malizia."

"Nimeshamaliza. Afu, lililokuwa hapa kwenye uzio."

"Yale majani? Si ulisema ning'oe magugu, afu niache? Nimeng'oa, afu nikaacha. Gari la taka lilishapita."

Basi ndiyo hivyo. Watu wameikata "halafu" kichwa, wakabaki na mkia. Mkia ukaingia katika nyumba ya ua, ukamtoa mwenyewe nje. Neno lililokuwa na harufu sasa ni la kuvutia pumzi kati ya sentensi mbili. Na utamshtaki nani? Viganja vya binti wa watu vilikuwa vimetoka malengelenge kwa kazi ile.

Fundi akaanza kucheka. Kosa kama hili mkewe angelicheka wiki nzima, tena angeliongezea chumvi kila akilisimulia. Akageuka amwambie, na aliyemgeukia ni uzio.

"Nisamehe, baba."

"Umechoka, mwanangu. Kanawe mikono."

Mvua za kwanza ziliponyesha, vijimea vikachomoza chini ya uzio, vya kila namna. Huenda mzizi mmoja ulisalia. Fundi aliinama na macho yake mapya, akagundua kwamba hajui. Maisha yake yote alilijua ua, na harufu. Jani alilijua mkewe. Alikuwa naye nyumbani, angeulizia nini?

Kwa hiyo hakung'oa hata kimoja. Pori likapanda mpaka magotini.

"Baba," mkamwana alipiga simu, "jirani kaniambia bustani imekuwa msitu. Nije nipunguze?"

"Acha."

"Haya, nimeacha. Afu?"

"Afu tutaliona," alisema fundi.

"Tutaona nini, baba?"

Lakini fundi alikuwa ameshaweka simu kitini. Alikuwa ameinama tena, ananusa jani ambalo halikuwa na harufu yoyote.