Ukoka wa Ukingoni

Jirani akifyeka uwanja wake, harufu ya ukoka mbichi huingia dirishani nami siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, nazunguka chumba.

Mama naye hakuwa wa kutulia. Korongo lilikuwa likila shamba letu, na kila masika lilisogea karibu na nyumba. Bwana shamba wa serikali ya Waingereza alituamuru tupande ukoka ukingoni, maana huo hata jua liwake vipi hutambaa na kushika udongo. Mama aliupanda kipandekipande. Mimi nilipeleka maji yaliyooshewa vyombo, naye alinifuata nyuma kuhakikisha simwagi njiani.

Kiangazi kilipokolea, ng'ombe wa mfugaji wa bondeni wakauvamia. Wakala, wakakanyaga, ukingo ukamomonyoka. Mama akachukua fimbo, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena.

Jioni mfugaji mwenyewe akaja, amenyoosha mkono wenye majani mabichi. Kwetu, anayeomba msamaha akiwa na majani mkononi hakataliwi.

Mama aliyatazama sana yale majani. "Umeyang'oa wapi, baba?"

Yule mzee akainamisha kichwa. "Palepale kwako, mama. Kwingine kote kumekauka."

Mama akabana fimbo kwapani, akayapokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akayageuza, akaona mizizi. Kisha akamrudishia.

"Nimekusamehe," alisema. "Sasa twende ukayapande."

Alipanda mpaka giza likaingia. Mama alisimama nyuma yake muda wote, fimbo bado mkononi.