Milango ya Bweni la Mama Koleta

Mwamvita Sadiki wa Chemchem si mwepesi wa kujibu. Ukimwambia jambo hunyamaza kwanza, kana kwamba anangoja ulirudie ndipo alipime. Marehemu baba yake, mfua bati, alikuwa vivyo hivyo, na mtaani wameshamzoea. Tabia hiyo imemfaa katika kazi ya kufunga na kuprogramu kengele za moto, maana mitambo hiyo haitaki papara.

Mwaka jana aliitwa kwenye shule moja ya wasichana, nje kidogo ya mji. Matroni, Mama Koleta, mzaliwa wa Lusu, alimpokea penye bweni jipya, funguo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mtambo wako utafungua milango wenyewe."

"Moto ukitokea tu, mama."

"Na wakichoma karatasi makusudi ili watoke? Mwaka juzi binti mmoja alitutoroka. Tulikuja kumpata Igunga, mjamzito. Mama yake hanilaumu. Hunisalimu tu. Afadhali angenitukana."

Mwamvita hakujibu. Aliingia ofisini, akaunganisha kompyuta yake na paneli ya kengele, lile sanduku jekundu la ukutani linalopokea habari na kutoa amri, akaliandikia masharti. Kitambuzi kimoja cha moshi kikishtuka, taa iwake kwa matroni, milango ibaki imefungwa. Cha pili kikishtuka pia, ndipo sumaku zinazoshikilia milango ziachie na kengele zilie. Aliyasoma tena, akaridhika. Yalikuwa masharti ya mtu asiyekurupuka.

Siku ya majaribio shule ilikuwa likizo. Mama Koleta alitaka kujionea akiwa ndani, basi wakaingia wawili, milango ikajifunga. Mwamvita alipanda ngazi, akapulizia kitambuzi cha pembeni moshi wa kopo la majaribio. Kitaa chekundu kikawaka darini. Halafu kimya.

"Sasa?" Mama Koleta aliuliza.

"Paneli inangoja kitambuzi cha pili."

"Inangoja nini, na moshi si huu?"

"Inangoja uhakika, mama."

Mama Koleta akausukuma mlango. Haukutikisika. Akausukuma tena, kwa bega. Mwamvita alijua fika hakuna moto, kopo lenyewe analo mkononi, lakini alijikuta akitafuta pa kutokea. Alitazama nondo za madirisha, kisha safu za vitanda hadi kilipo kitambuzi cha pili, akawaza moshi ungepita juu ya vichwa vingapi kabla ya kukifikia. Masharti yale aliyaandika akiwa kitini, mlango wa ofisi uko wazi.

"Miaka yote nafunga nikiwa nje," Mama Koleta alisema taratibu. "Sijawahi kufungiwa."

Mwamvita alihamisha ngazi, akapulizia cha pili. Milango ikaachia kwa kishindo, kengele zikapasua masikio, nao wakatoka upesi kuliko walivyohitaji.

"Lile sharti nalifuta," Mwamvita alisema, safari hii bila kungoja.

"Na watoro je?"

"Utoro tuuzuie getini, mama. Humu wanalala watu."

Walikaa barazani hadi jua likapanda, wakibishana na kukubaliana. Mwishowe paneli ikapewa amri mpya: kitambuzi chochote kikishtuka, milango yote iachie papo hapo, na kengele ilie pia kwa mlinzi wa geti na nyumbani kwa matroni, wajue wasichana wako nje.

Muhula ulipoanza, Mama Koleta alipiga simu akihema. Msichana mmoja, Minza, alikuwa ameunguza nywele zake kwa pasi, na moshi wake ukafungua milango yote.

"Wamenimwagikia uwanjani wote, vicheko tupu! Wawili nimewakuta wanaunyemelea uzio."

"Nirudishe masharti ya zamani, mama?"

Safari hii aliyenyamaza ni Mama Koleta. Mwamvita alisikia simuni vishindo vya wasichana, na mtu akiitwa kwa jina.

"Hapana," matroni alisema hatimaye. "Nimewahesabu, wote wapo. Ila ukija, zungumza na huyo Minza habari ya pasi. Mimi ananicheka."